Mtoto Anayefika Nyuma ya Wote

Siku ya michezo ni sikukuu katika shule zetu. Uwanja huchorwa mistari kwa chokaa, wazazi huacha mashamba yao, wageni huketi kivulini, na watoto hufika tangu alfajiri kwa shauku ambayo hatuioni siku ya mtihani. Kuna mbio za magunia, kuna kuvuta kamba, kuna kukimbia na ndimu katika kijiko. Leo twataka kutazama jambo moja tu la siku hiyo, ambalo mara nyingi hupita bila kuangaliwa, nalo ni habari ya mtoto anayefika nyuma ya wote.

Twajua yanayotokea. Mshindi amekwisha kukata utepe, makofi yamepigwa, mwenye filimbi anaita kundi jingine, na yule mdogo bado yu nusu ya uwanja. Watu humcheka. Mwalimu, kwa kuwa jua linakwenda na wageni wanangoja, humpungia mkono atoke kando. Naye hutoka. Katika dakika ile amefundishwa somo, tena somo baya: kwamba kazi isiyo na sifa haina haja ya kumalizwa.

Nchi hii ya Unyanyembe ilikuwa na mafundisho mengine. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ya pwani na ya nchi za maziwa ilichukuliwa na watu mabegani na vichwani, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo. Toka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya kilo 30. Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa tarehe 7 Novemba 1857, pakiitwa Kazeh, aliandika kwamba Wanyamwezi waliuhesabu upagazi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wao wa miaka sita au saba walikwisha kuchukua pembe ndogo ya ndovu begani. Angalieni neno hilo: pembe ndogo. Mtoto hakutwikwa mzigo wa baba yake, wala hakuachwa aende mikono mitupu. Alipewa mzigo wa kimo chake, akajifunza kuufikisha.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera yake, na huyo ndiye tunayemkumbuka. Lakini nyuma kabisa alikwenda mwenye msafara, awaangalie waliochoka na, tuseme kweli, awazuie wasitoroke. Hatuisifu njia ile kwa kila kilichopita juu yake, maana watumwa nao walipitishwa humo. Ila jambo moja wasafiri wale walilijua vema: mzigo uliobaki porini ni hasara, hata kama kirangozi amekwisha kufika kambini.

Ndiyo sababu twazipenda mbio za kupokezana vijiti kuliko nyingine zote. Mwepesi husimama mahali pake, mkono ameunyosha nyuma, akimngoja mzito. Hawezi kwenda bila yeye. Ushindi wa peke yake hauwezi kumfundisha kungoja kwa namna ile, na yule mzito huona kwamba yuko mtu anayemhitaji.

Hatusemi kwamba kushindana ni kubaya. Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika hapa Tabora, na mtoto mwenye kipawa yafaa apate uwanja wa kukionyesha. Taabu huanza pale shule inapoigeuza siku yake ya michezo kuwa siku ya kuchagua timu tu, watoto wanane wakakimbia na darasa zima likawa watazamaji.

Tena, aliye wa mwisho leo si lazima awe mnyonge. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75. Waliofika ni 57, na yeye alikuwa wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Wengi humsimulia kana kwamba hakuwa mkimbiaji hodari. Miaka miwili baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano.

Basi twawaomba walimu wakuu jambo dogo lisilo na gharama. Mshindi akiisha kukata utepe, wawili washike mwingine mahali pale pale, na filimbi ya kundi linalofuata isilie mpaka uwanja uwe mtupu. Mwenye saa aandike muda wa mtoto wa mwisho katika daftari lile lile. Nanyi wazazi, jioni mtoto arudipo na vumbi miguuni, msianze kwa kumwuliza amekuwa wa ngapi. Mwulizeni kwanza kama alifika.