Uzito wa Kofia ya Springi: Kuchagua Metali kwa Injini Kuukuu za Pikipiki

Mwendesha pikipiki anayeteremka kutoka Newala kuelekea Chiungutwa na Masasi hupunguza gia ili injini imsaidie kuzuia mwendo. Hapo gurudumu la nyuma ndilo linaloizungusha injini, na kufunga mafuta hakuzuii mizunguko isipande. Ikiwa pikipiki ni kuukuu na springi zake zimelegea, vali huchelewa kujifunga, ikagongwa na pistoni.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Kamshafti huifungua vali kwa kuisukuma, lakini kazi ya kuirudisha huachiwa springi peke yake. Springi huishika vali kwa njia ya kofia, yaani kisahani kidogo chenye tundu la umbo la pia, ambamo kabari mbili hubana shina la vali. Kofia hii hupanda na kushuka pamoja na vali, hivyo kila gramu yake ni mzigo kwa springi.

Hebu tufanye hesabu. Injini ya mipigo minne inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 50 kwa sekunde. Tuseme vali hunyanyuka milimita 8, nayo hukaa wazi kwa theluthi moja ya mzunguko wa kamshafti, yaani sekunde 1/150. Tukiuchukua mwendo huo kuwa kama wa pendulamu, mchapuko wake mkubwa kabisa ni 0.004 × 942², karibu mita 3,550 kwa sekunde kwa sekunde, au zaidi ya mara 360 ya mvutano wa dunia. Ikiwa vali na vinavyokwenda nayo vina gramu 100 (theluthi ya uzito wa springi yenyewe huhesabiwa humo), springi lazima itoe nyutoni 355. Mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu inayotakiwa huwa mara nne.

Sasa tuseme kofia ya chuma cha pua ina gramu 20. Kofia ya umbo lilelile ikikerezwa kwa titani itakuwa na gramu 11.5, na ya alumini gramu 7. Kwa springi ileile, kikomo cha mizunguko 6,000 kitapanda hadi 6,270 kwa titani na 6,430 kwa alumini. Katika injini zenye fimbo za kusukumia vali, kama nyingi za BSA na Triumph za zamani, fimbo hizo nazo huongeza uzito, na faida huwa ndogo zaidi ya hapo.

Kwa nini basi tusichague alumini? Kwanza, metali hii huchoka. Chuma cha pua kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake huweza kustahimili mamilioni ya mapigo pasipo kupasuka. Alumini haina kiwango cha namna hiyo, nayo hulainika kwa joto la kichwa cha silinda. Kabari zikilipanua tundu, zitapenya, na vali itadondoka ndani ya silinda. Mashindanoni duralumini imetumika sana, lakini huko kofia hukaguliwa na kubadilishwa mara kwa mara. Alumini iliyosubuliwa kutokana na masufuria makuukuu isifikiriwe kabisa.

Titani ina nguvu ya kutosha, ila ni ghali, ngumu kuikereza, na hukwaruzika vibaya inaposuguliwa na springi.

Jambo hili lina uzito kwa mafundi wetu, kwa sababu kiwanda cha BSA cha Small Heath, Birmingham, kilifungwa katikati ya miaka ya 1970, na aghalabu kipuri hukerezwa badala ya kununuliwa. Kwa pikipiki ya kubebea mizigo kwenye barabara ya mchanga, mwandishi angechagua chuma cha pua, akakonda ukingo wa kofia bila kugusa metali inayolizunguka tundu. Kupunguza gramu 4 huleta kikomo cha mizunguko 6,120, pasipo hatari mpya. Nondo ya ujenzi ni laini mno. Chuma cha ekseli kuukuu ya gari ni bora zaidi, mradi kisiwe na ufa. Lakini kabla ya yote hayo apime urefu wa springi na kuulinganisha na springi mpya, kwani springi iliyofupika hupoteza nguvu kuliko kofia nyepesi inavyoweza kurudisha.

Darasani, wanafunzi waweza kuitambua metali ya kofia yoyote. Waipime kwa mizani, kisha waitumbukize katika silinda ya kupimia yenye maji, na kugawanya gramu kwa sentimita za ujazo zilizopanda. Jibu la karibu 7.8 ni chuma cha pua, 4.5 ni titani, na 2.7 au 2.8 ni alumini. Kwa kuwa kofia moja hupandisha maji kidogo sana, ni afadhali kutumbukiza nne za aina moja kwa pamoja.