SOMO: SWETA LA BENETTON LILIFUMWA NA NANI?



Mara nyingi tunaambiwa kwamba tajiri hutajirika kwa akili yake peke yake. Leo tuyapime maneno hayo kwa maisha ya Luciano Benetton wa Italia.

Luciano alizaliwa Treviso mwaka 1935. Baba yao alifariki mwaka 1945, naye akaacha shule akiwa na miaka 14, akaajiriwa katika duka la nguo. Dada yake Giuliana alikuwa mfumaji. Mwaka 1955 Luciano aliuza kinanda chake cha kodiani, ikauzwa na baiskeli ya mdogo wake, ikanunuliwa mashine ya kufumia. Giuliana akafuma masweta ya rangi kali, Luciano akayatafutia wateja. Mwaka 1965 wao wawili na wadogo zao wawili walianzisha kampuni ya Benetton. Hatuwanyimi sifa: walianza kwa kazi ya mikono.

Kampuni ilikua kwa mbinu mbili. Kwanza, masweta yalifumwa kwa sufu isiyo na rangi, yakatiwa rangi baadaye, ilipojulikana wateja wanapenda ipi. Hivyo mali haikulala ghalani. Pili, kazi nyingi ya kufuma na kushona iligawiwa karakana ndogo ndogo za watu wengine.

Hapo ndipo penye somo letu. Sheria ya wafanyakazi ya Italia ya mwaka 1970 iliamuru aliyefukuzwa bila haki arudishwe kazini, lakini kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 15 tu. Wa karakana ndogo aliachwa nje.

Baadaye kazi ilivuka bahari. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, Bangladesh, liliporomoka, wakafa watu 1,134. Jana yake nyufa zilionekana, lakini washonaji waliamriwa kuingia kazini. Benetton ilikana kwanza, kisha ikakiri kwamba kiwanda kimoja humo kiliwahi kuishonea nguo. Mwezi Mei vyama vya wafanyakazi vya kimataifa viliyafunga makampuni, Benetton ikiwamo, kwa mkataba wa usalama wa majengo. Mwaka 2015 Benetton ilitoa dola milioni 1.1 za fidia.

Basi sweta lilifumwa na wengi, na wengi wao hawakuwa katika daftari la kampuni. Mwajiri akigawa kazi kwa makandarasi, chama kiifuate kazi huko huko na kuwaandikisha vibarua wao.

Swali la kujadili tawini: katika kiwanda au shamba letu, ni wangapi wanaofanya kazi kama yetu bila kuwa wanachama, na nani atakwenda kuzungumza nao?