Somo la Ufundi: Kabla ya Kuuza Mashine Kuukuu ya CNC kwa Kilo

Githurai 45, pale Kaunti ya Kiambu inapopakana na Nairobi kwenye barabara kuu ya Thika, ina mafundi wengi wa jua kali wanaofanya kazi ya chuma kwa weldingi, grainda na tupa. Mkulima akihitaji gia ya mashine ya kukata majani ya ng'ombe, au mwenye mashine ya posho akihitaji puli iliyochongwa kwa kipimo kamili, kazi hiyo inahitaji mashine kubwa zaidi. Mashine hizo zipo, na mara nyingine huuzwa mnadani kama vyuma chakavu kwa sababu moja tu: kompyuta yake imekufa. Somo hili linaeleza jinsi mashine ya aina hiyo inavyoweza kufufuliwa kwa programu isiyolipiwa, na ni wakati gani haifai kujaribu.

Kinachokufa ni nini?

CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa kwa nambari. Fundi huiandikia amri kama G1 X50 F200, yaani nenda ukikata hadi milimita 50 kwenye mhimili wa X, kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. Teknolojia hii si ngeni Kenya. Mradi wa gari la Nyayo, ulioanza mwaka 1986, ndio uliozaa kampuni ya serikali ya Numerical Machining Complex jijini Nairobi.

Mashine yenyewe ina mwili na ubongo. Mwili ni chuma cha kusubu, na ukitiwa mafuta vizuri huweza kufanya kazi kwa miongo mingi. Ubongo ni kabati la umeme lenye kompyuta ya kiwandani. Huo huzeeka haraka, na vipuri vyake huacha kutengenezwa.

Ubongo mpya unaweza kuwa kompyuta ya kawaida ya mezani yenye programu ya LinuxCNC. Chimbuko lake ni taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, iliyotengeneza programu ya kuongoza mashine katika miaka ya 1990 na kuiachia umma. Watu wa nchi mbalimbali wakaiendeleza, na mwaka 2011 ikapewa jina la LinuxCNC. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua na kuibadilisha bila kulipia leseni. Gharama iko kwenye draiva za mota, kebo, swichi, kadi ya kuunganisha, na wakati mwingine mota zenyewe.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Kwanza, ni muhimu kuthibitisha kwamba ubongo umekufa kweli. Kompyuta nyingi za zamani hutunza mipangilio yake kwa betri ndogo. Betri ikiisha, mipangilio hufutika na mashine hukataa kuwaka kazini, ingawa haijaharibika. Fyuzi, betri na usambazaji wa umeme vikaguliwe kabla ya kukata waya hata mmoja. Michoro ya umeme iliyo ndani ya kabati isitupwe, na kila waya upigwe picha na kuwekewa lebo.

Pili, chuma kipimwe. Programu haiwezi kuponya meza iliyolika. Fundi huweka geji ya mshale kwenye meza, huisogeza milimita 1 mbele, kisha milimita 1 nyuma. Mshale usiporudi ulipoanzia, tofauti hiyo ndiyo ulegevu, au plei kama mafundi wanavyoiita. Kipimo kirudiwe katikati ya meza na kwenye ncha zote mbili, kwa sababu katikati ndiko kunakolika zaidi. LinuxCNC inaweza kufidia ulegevu mdogo kwa hesabu, lakini haiondoi ulegevu wenyewe: kisu bado kinaweza kuivuta meza katikati ya kazi. Spindo nayo isikilizwe ikizunguka, na ikiwa beringi zinanguruma, gharama yake ihesabiwe mapema.

Tatu, stima. Mashine za viwandani nyingi zinahitaji feizi tatu za volti 415, ilhali vibanda vingi vina feizi moja ya volti 240. Kuna draiva inayopokea feizi moja na kutoa feizi tatu za volti 240. Inafaa tu ikiwa mota inaweza kuunganishwa kwa volti hiyo. Kibao cha mota kikiandikwa 230/400, inawezekana. Kikiandikwa 400 pekee, kuna shida. Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Kompyuta ipi inafaa?

Kasi pekee haitoshi. Kompyuta inayoongoza mashine lazima itume mapigo ya umeme kwa wakati uleule kila mara. Ikichelewa, mota huruka hatua na kipande huharibika. LinuxCNC ina jaribio la kupima ucheleweshaji huo. Liachwe likiendelea huku madirisha yakifunguliwa na kufungwa na faili kubwa zikinakiliwa. Matokeo yaliyo chini ya nanosekunde 20,000 ni mazuri sana. Yakizidi 100,000, kompyuta hiyo haifai kutuma mapigo yenyewe, na itahitaji kadi ya nje ya kufanya kazi hiyo. Kompyuta za mapajani kwa kawaida hufeli jaribio hili.

Kisha huja hesabu. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, ikiwa na draiva inayogawa kila hatua mara 8, inahitaji mapigo 1,600 kwa mzunguko mmoja. Skrubu ikisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, 1,600 gawanya kwa 5 ni mapigo 320 kwa milimita. Hiyo ndiyo nambari inayoingizwa kwenye programu. Fundi akiagiza milimita 100 na kipimo kikaonyesha 98, nambari hiyo ina kosa. Kabla ya kuibadilisha, apime tena akiifikia nukta kutoka upande uleule, ili asichanganye kosa la hesabu na ulegevu wa skrubu.

Kitufe chekundu kisitegemee kompyuta

Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota moja kwa moja kupitia kontakta. Kompyuta ipewe taarifa tu. Kompyuta ikikwama huku kisu kinazunguka, kitufe kinachopita ndani yake hakitaokoa mkono wa mtu. Vilevile, stima ikipotea na kurudi, mashine isiwake yenyewe. Kila mhimili uwe na swichi za mwisho, na kisu kiwe na kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe na mahali pa kazi pasajiliwe.

Kazi ya zaidi ya mtu mmoja

Ufufuaji huu unahitaji fundi anayejua chuma, fundi wa umeme, na kijana anayejua kompyuta. Githurai 45 ina watu wa aina zote tatu, ingawa mara nyingi hawako karakana moja. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, na mashine moja kuukuu inaweza kuwa darasa zuri la kuwakutanisha wanafunzi wa makenika, umeme na kompyuta. Fundi aliyejifunza kazini anaweza pia kufanyiwa mtihani wa ufundi na NITA ili apate cheti.

Siku ya kwanza mashine iendeshwe hewani, bila kipande. Ya pili ikate mbao, kisha alumini, na chuma kije mwisho. Lakini ikiwa geji ilionyesha tangu mwanzo kwamba meza imelika na spindo imechoka, hakuna haja ya kununua hata kebo. Mashine hiyo iuzwe kwa kilo, na pesa zitunzwe hadi ipatikane yenye chuma kizima.