Mchoro kama Usomaji: Mary Leakey na Miamba ya Kondoa

Makala haya yanachunguza nafasi ya uchoraji katika kazi ya Mary Leakey (1913–1996), mwanaakiolojia aliyeishi miaka mingi Lang'ata, viungani mwa Nairobi. Inadaiwa hapa kwamba mchoro kwake haukuwa pambo la utafiti bali utafiti wenyewe.

Mary, bintiye mchoraji Erskine Nicol, hakuhitimu chuo kikuu chochote. Kalamu ndiyo iliyomfungulia mlango. Alichora zana za mawe za Fayum, Misri, kwa ajili ya Gertrude Caton-Thompson, kisha akachora picha za kitabu Adam's Ancestors (1934) cha Louis Leakey, aliyekuja kuwa mumewe na msimamizi wa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Anayechora jiwe lililochongwa hulazimika kuamua kila kovu lilipigwa kutoka upande gani, na lipi lilitangulia. Mchoro huo basi tayari ni fasiri. (Fuvu alilolivumbua Olduvai mnamo Julai 1959 liliitwa Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita eneo la pwani yetu. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kulipita jina hilo.)

Kazi inayodhihirisha hoja hii zaidi ni ile ya 1951 huko Kondoa, Tanzania. Mary alifunika miamba kwa karatasi angavu, akafuatisha mistari, kisha akaichora upya kwa kipimo kidogo na kuitia rangi. Alinakili takriban maumbo 1,600: twiga, pofu, watu waliorefushwa wenye mitindo mbalimbali ya nywele. Pale maumbo yalipopandana, alitafuta lipi lilikuwa chini ili kupata mfuatano wa mitindo. Nakala hizo zilingoja hadi 1983 ndipo zikachapishwa katika kitabu Africa's Vanishing Art.

Neno "vanishing", yaani inayotoweka, ndilo lenye utata. Ni kweli kwamba jua, maji na vumbi vinafifiza rangi, na bila mkono wa Mary mengi yasingejulikana. Hata hivyo, nakala yake inafanana na ngano iliyonukuliwa bila fanani wala hadhira: maneno yapo, utendaji haupo. Huko Mungomi wa Kolo, Warangi wameendelea kufanya matambiko ya mvua na uganga, na UNESCO ilipoiorodhesha michoro ya Kondoa mwaka 2006 ilitambua matumizi hayo kuwa sehemu ya thamani yake. Wakati huohuo, wahifadhi wanalalamikia pombe ya mtama inayorushiwa mwamba katika tambiko, kwa kuwa inaharibu rangi. Kwa mhifadhi, pombe hiyo ni uharibifu. Kwa mtambikaji, ndiyo inayoufanya mwamba uwe na kazi. Karatasi angavu ya Mary ilinasa rangi tu, na mtafiti wa fasihi simulizi atakayekwenda Kolo ana kazi ya kuanzia hapo.