Kwa Nini Dawa ya Kifua Kikuu Humezwa Miezi Sita

Mgonjwa wa kifua kikuu hapa Daudi akianza dozi, jambo la kwanza kumshtua ni mkojo kugeuka rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya rifampisini, wala haina madhara. Sisi tunashughulika na swali lingine: baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, uzito unarudi, naye bado anaambiwa ameze dawa miezi 6. Kwa nini?

Tuanzie ndani ya bakteria. Maagizo ya uhai wake yamo kwenye DNA. Akihitaji protini, kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi hunakili agizo husika katika RNA mjumbe. Tufikirie kijikaratasi kutoka kwa mtunza stoo kwenda jikoni: "Leo maharage." Bakteria hana kiini cha seli, hivyo wapishi wake, yaani ribosomu, huanza kupika kabla kijikaratasi hakijaisha kuandikwa! Kisha vimeng'enya vingine hukichana, na vipande vyake huandikiwa maagizo mapya. Kisipochanwa, jikoni watapika maharage hata siku ya ugali na nyama. Katika bakteria wa kifua kikuu anayekua, nusu ya RNA mjumbe huvunjwa kwa takriban dakika 10.

Rifampisini hunasa kwenye polimerasi. Herufi mbili tatu za RNA zikishaungwa, kazi inakwama. Maagizo ya zamani yanachanwa, mapya hayaji, na bakteria anakufa.

Ila wapo wanaolala. Penye oksijeni kidogo mwilini, bakteria hupunguza kuandika, na RNA aliyo nayo hudumu muda mrefu zaidi. Dawa inayozuia kuandika haimdhuru sana asiyeandika. Lazima imkute siku anapoamka. Kabla ya rifampisini, matibabu yalichukua mwaka au zaidi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza 1977, uliyapunguza kwanza hadi miezi 8.

Anayekatiza dozi huwapa nafasi bakteria ambao jeni yao ya polimerasi, rpoB, imebadilika kidogo tu, kiasi kwamba dawa haishiki tena. Mashine ya GeneXpert hukagua kipande hichohicho cha jeni kwenye makohozi. Lakini husoma DNA, ambayo haivunjwi haraka kama RNA na hubaki hata bakteria akishakufa. Ndiyo sababu maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dozi bado hufuatiliwa kwa darubini.