Somo: Wimbo wa watu wengi



Waalur wako Mahagi, kwetu Ituri, na ng'ambo ya mpaka, Uganda. Wana mabaragumu ya mti yanayoitwa agwara. Kila baragumu hutoa sauti moja au mbili tu. Wimbo hukamilika kila mpigaji akiingia kwa zamu yake. Kwa hiyo mtoto hawezi kujifunza peke yake.

Sisi wa Lumumba, hapa Bunia, tunajua jinsi vita vya 1999 hadi 2003 vilivyotawanya familia. Wapigaji wakitawanyika, wimbo hukatika, hata mabaragumu yakibaki. Tuwakutanishe wazee na vijana mapema.

Tujadiliane:
1. Mtaani kwetu, nani angali anajua kupiga?
2. Je, tutampa baragumu mtoto wa kabila lingine?