AFYA: TUIJUE SUMU KABLA YA AJALI

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba, 1984, wakazi wa mji wa Bhopal, nchini India, waliamshwa na kikohozi na macho kuwasha kama waliofukizwa pilipili. Kiwanda cha dawa za kuua wadudu cha kampuni ya Union Carbide kilikuwa kimevuja. Maji yaliingia katika tangi la sumu iitwayo methili aisosaineti, sumu ikachemka, na tani zipatazo 40 zikatoka hewani. Sumu iliwafikia watu zaidi ya 500,000. Maelfu walikufa.

Watu hao walijua kuna kiwanda, basi. Hawakuelezwa kilichomo ndani wala la kufanya kikitoka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, ndiyo maana watoto waliumia sana. Anayekimbia huhema kwa nguvu na kuivuta nyingi zaidi. Kitambaa kilicholoweshwa maji, kikishikwa puani na mdomoni, hupunguza sumu inayoingia kifuani. Somo hili lingefundishwa kwa nusu saa, tena bila gharama. Usiku ule wengi walikimbia, na wengine walikimbilia kule kule upepo ulikoipeleka gesi.

Hospitalini nako madaktari hawakujua wanatibu sumu gani. Hapo ndipo panapotuuma sisi wa zahanati. Utamtibuje mtu aliyekunywa au kuvuta kitu kisicho na jina?

Wala haikuwa siri kwamba pana hatari. Mwandishi wa habari Rajkumar Keswani alionya katika magazeti tangu mwaka 1982. Hakusikilizwa.

Baada ya maafa hayo, mwaka 1986, Marekani ilitunga sheria: kiwanda chenye sumu nyingi kitoe orodha yake kwa serikali na kwa zimamoto, na mwananchi akiiomba aisome. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia huiandikia ofisi ya umma barua, nayo hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kijiji kilicho jirani na kiwanda, mgodi au ghala la dawa za mashamba kiitumie. Ulizeni: ni sumu gani, kiasi gani, ikimwagika tufanye nini?

Na nyumbani je? Dawa ya pamba isihamishiwe katika chupa ya soda. Mtu akidhurika, mleteni zahanati pamoja na kopo lenyewe. Kama karatasi yake imebanduka, semeni ilinunuliwa wapi.